Ndugu wa Yesu katika Marko 6:3

Je, ni Wakatoliki peke yao wanaosema kwamba Yakobo, Yose, Yuda na Simoni, wanaoitwa ndugu za Yesu katika Marko 6:3, hawakuzaliwa na Maria? Hapana. Waorthodoksi nao wanakataa kwamba Maria aliwazaa, ila kwao hao ni watoto wa Yusufu kwa mke aliyetangulia kufariki. Wazo la kwamba Yusufu alikuwa na watoto tayari limo katika Injili ya Yakobo, andiko la karne ya 2 lililo nje ya Biblia. Wakatoliki kwa kawaida humfuata Mtakatifu Yeronimo, ambaye mnamo mwaka 383 alimjibu Helvidius, aliyedai kuwa hao ni watoto wa Maria na Yusufu, kwamba ni binamu wa Yesu. Hoja yake nzito ni Marko 15:40: kati ya wanawake waliokuwa wakitazama Yesu akisulubiwa yumo Mariamu mwingine, mama yao Yakobo mdogo na Yose. Majina yaleyale, mama tofauti.

Waprotestanti wengi wa leo, Wapentekoste wakiwemo, husoma Mathayo 1:25, panaposema Yusufu hakumjua Maria mpaka alipomzaa mwana, na kuona kwamba Maria na Yusufu walipata watoto baadaye. Mimi pia nasoma hivyo. Lakini tusiwabebeshe waasisi wa Uprotestanti msimamo huu: Luther aliamini Maria alibaki bikira hadi mwisho, na John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti, aliandika vivyo hivyo mwaka 1749, katika barua yake kwa Mkatoliki. Kwa hiyo kumwita mtu mzushi kwa sababu anaamini Maria alibaki bikira ni kumwonea, awe Mkatoliki au Mlutheri.