Ukipewa namba kubwa, uliza kwanza imejengwaje

Wadogo zangu mnaoanza kusoma nadharia ya namba, mkipewa namba kubwa msikimbilie kuigawa. Tafuteni kwanza umbo lake. Tarakimu huficha mengi, umbo hutoboa siri.

Chukueni 4,294,967,297. Kanuni za shule ya msingi hazifiki mbali hapa: inaishia na 7, basi 2 na 5 hazimo, jumla ya tarakimu zake ni 59, basi 3 nayo haimo. Mkiendelea hivyo, itabidi mpande hadi karibu na kipeuo chake cha pili, yaani 65,536 na ushee. Chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Nani ana subira hiyo?

Sasa iandikeni 2³² + 1. Mwaka 1640 mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat alizitazama 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote za ukoo huu (2 yenye kipeo 1, 2, 4, 8 au 16, kujumlisha 1) na zote tasa, akaamini kwamba hii inayofuata nayo ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Leonhard Euler akaonyesha kuwa inagawanyika kwa 641. Ni Euler pia aliyethibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Kwa sharti hilo, namba tasa za kujaribu ni 193, 257, 449, 577, kisha 641. Jaribio la tano tu, mmemaliza!

Tena kuthibitisha kwamba 641 inaigawa hakuhitaji kugawa. Angalieni: 641 ni 5 × 2⁷ + 1, na pia ni 5⁴ + 2⁴. Kwa hesabu ya mabaki ya 641, yaani tukiangalia tu baki baada ya kugawa kwa 641, 5 × 2⁷ ni sawa na −1. Ipandisheni kwenye kipeo cha nne: 5⁴ × 2²⁸ ni sawa na 1. Lakini 5⁴ ni sawa na −2⁴, kwa hiyo −2³² ni sawa na 1, na 2³² + 1 haibakizi kitu. Mimi sijachoka kuifundisha hatua hii. Ifanyeni kwa kalamu mpaka iwakae.

Kigawo cha pili ni 6,700,417. Sharti lile lile linakibana: jaribuni 641 tena, 769, 1153, 1217, 1409, 1601 na 2113. Hakuna hata moja inayokigawa, na kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, kwa hiyo ni tasa. Namba yetu basi ina vigawo vinne tu, ukihesabu 1 na yenyewe.

Kuna njia nyingine kabisa ya kuukamata ukweli kwamba namba yetu si tasa. Namba tasa haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili kwa namna mbili tofauti. Hii ni 65,536² + 1², na pia ni 62,264² + 20,449². Zidisheni kwa mkono mhakikishe.