Ukisusia Bidhaa, Gharama Ibebe Mwenyewe

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Nakuru aliniuliza kama ni haki kundi lao la WhatsApp kumtaka kila mwanachama athibitishe kwa picha kwamba ameacha kununua bidhaa za kampuni inayosemekana kuufadhili upande wa kisiasa wasioupenda. Nimeona nimjibu hadharani, kwa sababu jambo hili nimelipitia nikiwa mnunuzi na nikiwa muuzaji, na najua kwamba sisi tunaotaka uchaguzi wa haki tutaitwa tena kususia kitu fulani.

Mwaka 2017 nilikuwa na duka la rejareja Kisauni, Mombasa. Mahakama ya Juu ilikuwa imebatilisha uchaguzi wa urais wa Agosti 8, marudio yakafanyika Oktoba 26 bila mgombea wa upinzani, Raila Odinga, kushiriki, na Novemba 3 muungano wake wa NASA ukawataka wafuasi wake wasusie kampuni ya simu ya Safaricom, bidhaa za Bidco na maziwa ya Brookside, kampuni ambayo familia ya Rais Uhuru Kenyatta ilikuwa na hisa. Niliunga mkono mwito huo kwa moyo wote, na nyumbani kwangu maziwa hayo yalikoma siku ileile. Laini ya simu sikuibadilisha, kwa kuwa wateja na wasambazaji tulikuwa tukilipana kwa M-Pesa ya Safaricom, na kila aliyeniuliza nilimwambia hivyo waziwazi.

Dukani mambo yalikuwa mazito zaidi. Friji ilikuwa na pakiti za nusu lita nilizokwisha kuzilipia, ambazo zingeharibika baada ya siku chache, na rafuni kulikuwa na mafuta ya kupikia ya Bidco, Kimbo na Elianto. Jioni moja aliingia jirani yangu, mama ambaye jina lake lilikuwa katika daftari langu la madeni tangu mumewe alipoachishwa kazi. Alifungua friji, akatoa pakiti moja, akaibwaga juu ya kaunta hadi ikapasuka pembeni na maziwa yakachuruzika juu ya mkate, kisha akasema mbele ya watu kwamba hilo ni duka la wasaliti na kwamba hatalilipa hata shilingi moja. Nilijaribu kumweleza kwamba kampuni ilikuwa imeshapata pesa zake, na kwamba pakiti zile zikioza hasara ni ya watoto wangu wala si ya mtu yeyote Ikulu. Hakunisikiliza, na baadhi ya wateja walitoka pamoja naye. Deni lake nililifuta mwenyewe kwa kalamu, lakini fedheha ile bado inaniuma, kwa sababu nilikuwa nimesusia kama yeye, na kwa gharama kubwa kuliko yake.

Niliuza mzigo uliobaki mpaka ukaisha. Kijana aliyekuwa akiniletea maziwa nilimwarifu mapema kwamba sitaagiza tena, kwani riziki yake ilitegemea maduka kama langu, kisha nikatafuta maziwa ya chama cha ushirika, ingawa faida yake ilikuwa ndogo. Katika ukurasa wa mwisho wa daftari niliandika sababu yangu: nitarudi siku fomu za matokeo za kila kituo cha kupigia kura zitakapowekwa wazi kwa kila mwananchi.

Machi 9, 2018, Uhuru na Raila walipeana mikono mbele ya Harambee House, ofisi ya rais jijini Nairobi, ishara ya kumaliza uhasama wao. Waliosusia kwa kuwa kiongozi amesema walirudia maziwa yao kwa sababu hiyohiyo, na hakuna aliyeuliza kama tulichokidai kimepatikana. Mimi sikurudi. Nilirudi baada ya uchaguzi wa 2022, tume ya uchaguzi ilipoweka fomu za 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, kwenye tovuti yake, mtu yeyote akaweza kujumlisha kura mwenyewe. Wengine waliniambia kwamba ukisusa wenzio wala. Methali hiyo inamfaa aliyenuna bila kujua anataka nini, na mimi nilijua, jambo ambalo ninajivunia.

Historia inanipa nguvu. Juni 26, 1959, Julius Nyerere alisimama Holborn Hall jijini London, katika mkutano uliozindua kampeni ya kuwaomba Waingereza wasinunue bidhaa za Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi. Waliombwa, hawakulazimishwa. Mwaka 1984 huko Dublin, Mary Manning, mhudumu wa kaunta katika duka la Dunnes, alikataa kumuuzia mteja matunda ya Afrika Kusini kwa kufuata msimamo wa chama chake cha wafanyakazi. Alisimamishwa kazi, na yeye na wenzake wachache wakagoma kwa karibu miaka mitatu, mpaka serikali ya Ireland ilipopiga marufuku matunda na mboga za nchi hiyo. Waliumia wao wenyewe, na ndiyo maana sauti yao ilikuwa na uzito. Lakini mwaka huohuo wa 1959, Buganda, nchini Uganda, nako kulikuwa na mgomo dhidi ya maduka ya Waasia ulioongozwa na Augustine Kamya, na waliodaiwa kuuvunja walichomewa nyumba na kukatiwa migomba. Picha anazodaiwa msomaji wangu ziko katika njia hiyo ya pili. Asizitume, hata kama bidhaa yenyewe ameiacha.

Ndugu zangu, kususia ni haki yenu, na wakati mwingine ni wajibu. Basi jueni mnadai nini kabla ya kuanza, na mjue ni lini mtarudi. Andikeni, kwa sababu lisiloandikwa hubadilishwa na kiongozi mkiwa mmelala. Acheni kile ambacho mnaweza kukiacha mpaka mwisho, hata kama ni kimoja tu, na msimlazimishe aliye na uwezo mdogo kuliko wenu. Sababu iwe yenu, nasema tena, msiiazime. Na mwenye duka mwambieni kwa upole kwamba mtaacha kununua bidhaa fulani, ili apunguze oda yake ijayo, mlipe mnachodaiwa daftarini, na mumuulize kama anaweza kuwaletea maziwa mengine.