Maswali na majibu: Mhandisi wa programu na ulimi wake

Nasoma uhandisi wa programu. Somo la stadi za mawasiliano la nini, wakati kompyuta haihitaji salamu? (Mwanafunzi, Dodoma)

Swali hili huja kila muhula, linabadilisha mkoa tu. Mwaka 1986 huko Tyler, Texas, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, Therac-25, ilisimama na kuandika kwenye skrini kwamba kuna hitilafu namba 54. Basi. Kitabu cha mwendeshaji hakikueleza namba hiyo. Mwendeshaji, aliyezoea mashine kusimamasimama, alibonyeza iendelee, na mgonjwa akapigwa mionzi mara ya pili. Baadaye alifariki. Kasoro ilikuwa ndani ya programu, sikatai, lakini ule ujumbe nao kuna mtu aliuandika akaona unatosha.

Siku ya kuwasilisha mradi ni lazima suti?

Nguo safi.

Mimi ni mhadhiri. Somo hili linafundishwa mwaka wa kwanza, ukumbi wa watu 300. Wakifika mwaka wa mwisho hawajui kuandika ripoti. Tufanyeje?

Mnawakaririsha mtumaji, ujumbe na mpokeaji, wanapata A, kisha kila badiliko kwenye Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya programu, wanaliandikia "nimerekebisha". Umerekebisha nini, na kwa nini? Hapo ndipo pa kutolea alama. Hamishieni somo ndani ya miradi. Mwanafunzi aende kwa mhasibu wa SACCOS, akae, aone daftari linavyojazwa, aulize, kabla hajataja programu yoyote. Ripoti yake ya kasoro ya programu, yenye hatua za kuifanya ionekane, apewe mwenzake wa kundi jingine. Huyo akifuata hatua zilizoandikwa na kasoro isitokee, mwandishi akatwe alama. Tena msiwapange kumi kumi kwa kuwa wasimamizi ni wachache: watu 5 wana jozi 10 za kuelewana, watu 10 wana jozi 45. Na ile alama ya "kujiamini" ifuteni. Inamlipa msemaji wa kundi, aliyeandika nyaraka usiku kucha anaambulia patupu.

Kiingereza changu kibovu. Nitaajiriwa?

Jifunze, utakihitaji. Ila mwenye duka Kariakoo muulize kwa Kiswahili, na akijibu usimkatize. Wapo wenye Kiingereza cha kuteleza ambao mteja akiuliza mfumo unakamilika lini, wanazima simu.

Shikamoo. Naweza kuiachia ChatGPT iandike ripoti yangu?

Marahaba. Itaandika. Jopo likikuuliza kwa nini ulichagua hifadhidata ile, utajibu wewe. Na kabla ya kuchapa, futa ile sentensi ya mwisho inayouliza kama ungependa iongeze kitu. Wasimamizi wako tumeshaichoka.