Waifai imepotea baada ya kusasisha Ubuntu: moduli ya wl na kerneli mpya

Swali: Habari za kazi, fundi. Natumia Ubuntu 22.04 kwenye laptopu yenye kadi ya waifai ya Broadcom. Nimesasisha mfumo, nikawasha upya, na waifai haionekani kabisa. Nikiandika `sudo modprobe wl` najibiwa "Module wl not found in directory /lib/modules/6.8.0…". `lspci -nn` inaonyesha kadi ni 14e4:4365. Rafiki mmoja anasema nisakinishe firmware-b43-installer, mwingine anasema nizime Secure Boot. Nimfuate yupi?

Jibu: Ndugu yangu, kwa sasa usimfuate yeyote. Umefanya vizuri kuniletea namba ya kadi na maneno yenyewe ya kosa, maana jibu limo humo.

Namba 14e4 ni ya Broadcom, na 4365 ni chipu ya BCM43142. Draiva (programu inayoendesha kifaa) ya b43, ambayo ndiyo inayohudumiwa na firmware-b43-installer, haiihudumii chipu hiyo, kwa hiyo ushauri wa kwanza hautakusaidia. Na kama Secure Boot (ulinzi unaokataa programu zisizo na saini inayotambulika) ndiyo ingekuwa inazuia, ungejibiwa "Key was rejected by service". Wewe umeambiwa moduli ya wl, yaani draiva ya kadi yako, haipo: haijajengwa kwa ajili ya kerneli (kiini cha mfumo) hii mpya.

Draiva nyingi za Linux zimo ndani ya msimbo wa kerneli yenyewe, na anayebadilisha kitu humo hurekebisha pia draiva zinazokitegemea. wl iko nje. Toleo lake la 6.30.223.271 ni la mwaka 2015, na sehemu yake kubwa ni faili lililofungwa lisilosomeka. Watunzaji wa Ubuntu na Debian wanaliongezea viraka ili liende na kerneli za leo. Kila kerneli mpya inapoingia, DKMS, zana ya kujenga moduli zilizo nje ya kerneli, huijenga wl upya kwa kutumia pakiti ya linux-headers (vichwa, yaani faili za kujengea moduli) ya kerneli hiyohiyo. Pakiti hiyo ikikosekana, hakuna kinachojengwa, na usasishaji unaweza kuisha kana kwamba mambo yote ni shwari.

Kwanza pata intaneti. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe USB tethering kwenye mipangilio yake. Ubuntu huitambua bila kusakinisha chochote. Kisha:

`sudo apt update`
`sudo apt install linux-headers-generic-hwe-22.04`
`sudo apt install --reinstall bcmwl-kernel-source`
`dkms status`

Mafundi wengi watakupa `linux-headers-$(uname -r)`. Itafanya kazi leo, lakini inaleta vichwa vya kerneli inayotumika sasa hivi tu, na kerneli ijayo itakurudisha hapahapa. Tena, ukiwa umeingia kwa kerneli ya zamani kupitia "Advanced options" ya GRUB (menyu ya kuwashia kompyuta) ili upate waifai, amri hiyo italeta vichwa vya kerneli ya zamani na ile mpya itabaki bila kitu. Pakiti niliyokuandikia hufuatana na kerneli za HWE (kerneli mpya zaidi za Ubuntu 22.04, kama hiyo yako ya 6.8) kila zinaposasishwa.

`dkms status` ikionyesha bcmwl na kerneli yako ya 6.8 pamoja na neno "installed", andika `sudo modprobe wl`. Ujenzi ukishindikana, soma mwisho wa faili la make.log lililo chini ya /var/lib/dkms/bcmwl; kosa halisi huandikwa humo.

Ikiwa moduli imeingia na waifai bado haipo, tazama `lspci -nnk`. Ukiona "bcma-pci-bridge" kwenye mstari wa draiva inayotumika, basi bcma, draiva nyingine ya Broadcom, imeiwahi kadi. Itoe kwa `sudo modprobe -r bcma`, kisha `sudo modprobe -r wl` na `sudo modprobe wl`. Pakiti ya bcmwl huweka orodha ya kuizuia bcma ndani ya /etc/modprobe.d, basi hakikisha hukuifuta ulipokuwa ukijaribu ushauri wa watu.

Secure Boot usiizime. Inalinda kompyuta yako tangu inapowaka. Lile kosa la "Key was rejected" likitokea, sajili ufunguo wako (MOK), ule unaotia saini moduli zilizojengwa kwenye kompyuta yako:

`sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`

Utatakiwa kutunga nywila ya muda. Washa upya, na kwenye skrini ya buluu chagua "Enroll MOK", kisha uiandike nywila hiyo. Watu wengi huipita skrini hiyo kwa haraka, halafu wanashangaa ufunguo haukuingia.

Mwisho, kama laptopu hii ndiyo ya kazi yako ya kila siku, nakushauri ununue adapta ya waifai ya USB yenye chipu ya AR9271. Inatumia 2.4 GHz pekee na haina kasi kubwa, lakini draiva yake, ath9k_htc, imo ndani ya kerneli na haihitaji DKMS.