Re: Saiti imefungwa, diary yangu ya zamani naipataje?
Mkuu, diary ya saiti iliyofungwa inaweza kupatikana, ila inategemea uliiachaje. Kama kurasa zilikuwa wazi kwa kila mtu nenda Wayback Machine ya Internet Archive, saiti inayotunza nakala za zamani za kurasa za mtandaoni, bandika anwani kamili ya ukurasa wako, sio ya saiti nzima, halafu fungua tarehe moja moja kwenye kalenda maana kuna siku unakuta maandishi yapo ila picha ni viboksi vitupu tu. Zile ulizofunga kwa paswedi sahau, roboti yao, yaani programu inayozunguka mtandaoni kuchukua nakala, haiingii humo. Cheki pia kama saiti yenyewe haijafufuka, kwa mfano Open Diary, saiti ya kuandikia diary mtandaoni, ilizimwa 2014 ikarudi 2018. Ukizipata zipakue hapo hapo, na usitegemee skrinshoti, kutafuta neno humo ni mateso.