Maswali na Majibu: Wapiga Kura Sita wa Dixville Notch

Tangu niguse habari za Dixville Notch, kile kijiji cha New Hampshire karibu na mpaka wa Kanada kinachopiga kura saa sita usiku siku ya uchaguzi wa rais Marekani, maswali yamemiminika. Nachagua machache.

Je, ni kweli anayeshinda Dixville ndiye huingia Ikulu? (Msomaji, Morogoro)

Si kweli, na hili nimeulizwa mpaka nimechoka. Walipoanza mwaka 1960, Nixon alipata kura 9, Kennedy hata moja. Rais akawa Kennedy. Mwaka 2016 Clinton alimpiga Trump 4 kwa 2 pale kijijini. Mwaka 2012 na 2024 walitoka sare. Mnaotafuta utabiri nendeni kwa mganga.

Wanawezaje kufikisha asilimia 100 ya waliojitokeza? Huku kwetu hata kujaza foleni ni kazi. (Msomaji, Mombasa)

Kwa sababu ni wachache; mwaka 2024 walikuwa watu sita tu! Sheria ya New Hampshire inaruhusu jumuiya ndogo kufungua kituo usiku wa manane na kukifunga pale kila aliyemo kwenye daftari anapokuwa amepiga kura. Dakika chache tu, matokeo yanasomwa mbele ya kamera. Mzee Neil Tillotson, mwenye hoteli ya Balsams, ndiye aliyekuwa akitumbukiza karatasi ya kwanza kwa miongo kadhaa, mpaka mwaka 2000. Alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 102.

Na ukisikia asilimia, uliza kwanza ni asilimia ya nani. Tume zetu hupiga hesabu kwa waliojiandikisha. Wataalamu wa Marekani hupenda kuhesabu kila raia mwenye haki ya kupiga kura, awe kajiandikisha au kabaki kitandani. Mtu anaweka namba hizo mbili pamoja, halafu anatutangazia nani ana demokrasia zaidi.

Kijiji hicho ni cha Republican au cha Democratic? (Msomaji, Kigoma)

Hapa pana nyama. Mwaka 2024 wapiga kura wake sita walikuwa hivi kwenye daftari: wanne Republican, wawili hawakujitaja chama. Januari, kwenye mchujo wa Republican wa kumteua mgombea urais, wote sita walimpa Nikki Haley, mpinzani wa Trump ndani ya chama, Trump akaambulia patupu. Novemba ikawa Harris wa Democratic 3, Trump 3. Piga hesabu mwenyewe: hata kama wale wawili wasio na chama walimpa Harris, bado kuna Republican aliyevuka. Daftari lilisema hivi, mkono ukafanya vile.

New Hampshire inaruhusu asiyejitaja chama kuchagua mchujo atakaoingia, na watu wa aina hiyo ni wengi mno jimboni. Kwa hiyo ramani zenu za rangi nyekundu ya Republican na buluu ya Democratic zinaficha zaidi ya zinavyoonyesha. Tazama kaunti ya Coos, ambamo Dixville imo. Ilimchagua Obama 2008 na 2012, kisha ikahamia kwa Trump 2016 na haijarudi. Nyuma ya hayo kuna viwanda vya karatasi vilivyofungwa miaka ya 2000 kwenye miji ya kaunti hiyo, Berlin na Groveton, na vijana waliohama. Wakati huohuo, mwaka 2020, Dixville ilimpa Biden kura zote 5. Kijiji ndani ya kaunti, kila mmoja na njia yake.

Siri ya kura iko wapi hapo? (Msomaji, Zanzibar)

Ikiwa 5 kwa 0, hakuna.

Niko Lewiston, jimbo la Maine, nina green card (kibali cha ukaazi wa kudumu). Nilipokwenda kuchukua leseni ya udereva niliulizwa kama nataka kujiandikisha kupiga kura. Nijaze? (Msomaji)

Usijaze, dada yangu. Green card si uraia. Asiye raia akipiga kura ya rais au ya bunge la taifa anavunja sheria ya shirikisho, na kudai uraia usio nao kunaweza kukufukuzisha nchini, hata kama karani ndiye aliyekusogezea fomu. Kama tayari umeweka alama, tafuta wakili wa uhamiaji kabla ya kuomba uraia, si baada. Na usimsikilize shemeji anayesema "kule Maryland wanaruhusiwa". Mji wa Takoma Park unaruhusu wasio raia kwenye uchaguzi wa mji wenyewe tu. Rais hayumo.

Walio raia nao nina neno nao. Mnakesha kubishana kuhusu Trump kwenye makundi ya WhatsApp, lakini uchaguzi wa bodi ya shule ukifika hamuonekani. Vituo huwa vyeupe siku hiyo, na hao wachache wanaokwenda ndio wanaopanga bajeti ya shule ya mwanao. New Hampshire miji mingi hufanya mkutano wake wa mwaka wa kupiga kura Machi. Mwaka 2025, sheria mpya ya kuthibitisha uraia wakati wa kujiandikisha ikiwa imeshaanza, walikuwapo wanawake waliorudishwa mlangoni kwa sababu jina la ndoa halikulingana na cheti cha kuzaliwa. Wekeni karatasi zenu tayari mapema.

Naweza kwenda Dixville 2028 kushuhudia? (Msomaji, Nairobi)

Nenda, ila beba koti zito na uwahi nafasi. Waandishi wa habari huwa wengi kuliko wapiga kura.