Mbuzi aliyekonda hanenepeshwi kwa ndoo ya pumba

Juzi Jumapili mbuzi wangu Pole kazaa mapacha, jike na dume, saa kumi na moja alfajiri, mvua inanyesha, na mimi nimejifunga khanga kichwani, tochi ya simu nimeing'ata mdomoni. Nalitanguliza hilo mjue leo naongea kama mshindi. Mwaka mmoja uliopita mchinjaji wa hapa Uru alimtazama mbuzi huyuhuyu akacheka: "Mama Dani, huyu hata supu hatoi."

Sasa wiki hiyohiyo kijana mmoja wa Ngaramtoni kaniandikia. "Shikamoo mama. Nimemchukua mbuzi kwa mtu aliyekuwa hamjali, mbavu zinahesabika. Nampa pumba ndoo nzima kwa siku, hanenepi, na tangu jana anaharisha. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Ondoa hiyo ndoo. Iondoe sasa hivi, mwekee nyasi kavu na maji, umpigie mtaalamu wa mifugo, halafu ndiyo urudi usome.

Ndoo hiyo naifahamu, maana na mimi niliwahi kuibeba. Mwaka 2021 nilitoka mnadani na kimbuzi kimoja kimekauka kama ukuni. Nilikinunua kwa huruma tu, sikuwa hata na banda. Nilipofika nyumbani nikasema leo mtoto wa watu atashiba. Nikampa paraza, mahindi yaliyosagwa nusu, na kiporo cha ugali, sufuria nzima. Alikula kama mgeni wa ndafu! Nikampiga picha, nikawatumia dada zangu. Kesho yake asubuhi namkuta kasimama, kichwa kakiegemeza ukutani, anasaga meno. Tumbo limejaa kama ngoma, ukilisukuma kwa ngumi unasikia maji yanacheza ndani. Jioni akalala ubavu. Usiku wa pili akafa, na mtu aliyemuua ni mimi, kwa upendo.

Baadaye nilielezwa. Lile tumbo kubwa la kushoto la mbuzi lina vijidudu ambavyo ndivyo vinavyomchachushia majani. Mbuzi akishinda njaa miezi, vijidudu vyake hupungua, na vinavyobaki vimezoea majani makavu. Ukimmwagia wanga wa mahindi kwa ghafla, unageuka asidi kali. Asidi inaunguza ukuta wa tumbo na kuvuta maji ya mwili kuingia humo, mnyama anakauka huku tumbo limejaa maji. Picha yake ninayo bado kwenye simu, anakula.

Pole nilimpata kwa deni. Jirani mmoja nilimshonea sare za shule za watoto watatu, mwaka ukapita, hela sioni. Nikaenda kudai Februari ya mwaka jana. Nyuma ya nyumba nikaona mbuzi kafungwa kwenye mparachichi kwa kamba ya katani, mahali pamoja, ardhi yote kuizunguka imekwanguliwa hadi vumbi. Kamba ilikuwa imeingia kwenye ngozi ya shingo. Kwato zimerefuka zimejikunja kama vidole vya ndara kuukuu. Jirani akafuata macho yangu, akasema, "Mchukue huyo tukae sawa." Shahidi alikuwepo, mama yake mzazi, amekaa kwenye kigoda anapeta maharage. Shikeni hapo kwenye shahidi, tutarudi.

Nilimbeba mgongoni kama mtoto. Wanangu kila wakipita bandani wanamwambia pole, pole, hadi likawa jina.

Safari hii sikugusa pumba. Mimi ni fundi cherehani, nikachukua futi yangu. Unazungusha kifuani nyuma tu ya miguu ya mbele, kisha unapima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio. Kwa sentimita, kifua zidisha kwa kifua, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840, unapata kilo za kukadiria. Pole: kifua 57, urefu 60. Kilo 18. Mbuzi mkubwa, meno yote manane ya mbele chini yameota, yaani kama miaka minne au zaidi, ana kilo 18. (Wanangu walidhani meno ya juu yaling'olewa na yule jirani. Mbuzi hana meno ya mbele juu, nikawaambia, tumsingizie mengine.) Nilipopitisha kidole mgongoni nilisikia kama napita kwenye meno ya chanuo. Wataalamu wanapima unene wa mbuzi kwa alama, 1 hadi 5, kwa kushika mgongo na kidari. Huyu alikuwa 1.

Nikamwita bwana mifugo, ambaye ni binti, lakini tumeshazoea kusema bwana mifugo. Hakuanza na chakula. Alivuta kope ya chini ya jicho akaniambia, "Mama, tazama rangi." Nyama ya ndani ya kope ya mbuzi mzima ni nyekundu au waridi iliyokolea. Ya Pole ilikuwa nyeupe kama bitana. Mbuzi ana matumbo manne, na wapo minyoo wanaokaa lile la nne na kunyonya damu, na mnyama aliyejaa hao unaweza kumlisha mwaka mzima ukawa unawalisha wao. Akanionyesha na kadi ya rangi tano, iliyobuniwa Afrika Kusini kwa kazi hiyo tu. Sasa hiyo kope naiangalia kila wiki mbili, kwa mbuzi wangu wote.

Alitoa dawa kwa zile kilo nilizopima. Watu wengi tunakadiria kwa macho, tunampa kidogo, minyoo wanabaki na usugu wanaupata. Na kama jike lako huenda ana mimba, mwambie mtaalamu mapema, maana albendazo, mojawapo ya dawa za minyoo, kwa mimba changa inaweza kudhuru kitoto.

Kwato nilizipunguza mwenyewe kwa mkasi wa kupogolea kahawa wa marehemu baba, kidogokidogo, wiki hadi wiki. Mbuzi anayeumwa miguu hafuati majani.

Wiki tatu zilizofuata sina cha kusimulia. Majani, maji, kinyesi. Nyasi kavu, majani ya mgomba, matembele, kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku. Nilikuwa nayafunga juu kwa kamba ayavute, kwa sababu mbuzi kwa asili ni mla vichaka, si ng'ombe. Lukina, ule mti wa malisho, alipenda kuliko vyote, ila sikuacha ipite theluthi ya mlo, ina sumu ambayo ikizidi inamnyonyoa manyoya. Jiwe la chumvi alililamba hadi likawa na shimo. Pumba ilianza baada ya siku kumi: kiganja kimoja kimechanganywa na mashudu ya alizeti, na siku kadhaa zikipita naongeza kiganja. Hata alipopona hakuvuka robo kilo kwa siku, nusu yake asubuhi, nusu yake jioni. Kidogo kidogo. Nimeshasema kidogo kidogo? Nasema tena.

Aprili alifika kilo 22, nikaanza kutembea kifua mbele. Mei nikamharibu tena. Masika yamekolea, nyasi za uwanja wa mpira zimependeza, nikawa nawaambia watoto wampeleke kabla ya shule, saa kumi na mbili na nusu, umande bado mzito. Mabuu ya minyoo hupanda kwenye nyasi zenye unyevu, na Pole alikuwa anakula chini kabisa ya jani. Mwanzoni mwa Juni kope zimepauka tena na chini ya taya pamening'inia uvimbe laini kama mfuko wa maji, dalili kwamba damu imekuwa maji. Kilo 19. Nililia, sitawadanganya. Tukarudi mwanzo: dawa, kope, majani ya kuning'iniza, na hakuna kutoka hadi jua limekausha umande.

Septemba futi ikasoma 70 kifuani. Kilo 27. Nilipima mara tatu, nikamwita Dani apime ya nne.

Na Septemba hiyo ndipo jirani alipokumbuka ana mbuzi. Kasimama kwenye uzio wangu: "Mbuzi wangu kapendeza." Wangu! Akadai alinipa nimtunzie tu, na kwamba deni la sare atalilipa. Tukafika kwa balozi wa nyumba kumi. Aliniita mwizi mbele ya watu niliowashonea nguo za harusi zao. Mama yake ndiye aliyesimama, akajishika kwenye fimbo, akasema, "Nilikuwepo. Alimpa kwa deni." Yakaisha pale, lakini salamu zikakatika. Tukipishana njiani yeye anatazama simu, mimi natazama migomba.

Kinachoniuma si mbuzi. Kinachoniuma ni kwamba kwetu mnyama akikonda tunasema ni kiangazi, ni mapenzi ya Mungu, ni majani yameadimika. Kwenye vihamba hivi, mashamba yetu ya nyumbani, vyenye kijani mwaka mzima! Nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, lakini nani anaifikiria mbele ya kamba ya katani? Unamfunga mnyama, maana yake umemnyima miguu yake, basi miguu yako ndiyo iwe yake. Huwezi, mpe mtu. Usingoje mwingine amnenepeshe ndiyo uje na shati la kanisani kumdai. Nawaambia na ninyi mnaofuga kwa kutuma hela kwa shamba boi kutoka Dar: simu haipimi kope. Haya, nimepandwa na hasira, narudi.

Kijana wangu wa Ngaramtoni, mpango wako ni huu. Siku mbili tatu nyasi kavu na maji safi. Mtaalamu aangalie kope, meno, joto (la kawaida linaanzia kama nyuzi 38.5), na kinyesi akipime kama maabara ipo karibu. Pumba baadaye, kiganja. Na nunua futi. Mimi ilinichukua miezi saba kuongeza kilo tisa, na katikati nikaanguka, kwa hiyo usiniandikie wiki ijayo kuniuliza mbona bado.

Kuhusu mapacha. Habari zilienea kabla mvua haijakatika. Jumatatu saa nne yule bibi shahidi akapanda kilima peke yake kwa fimbo, mkononi ana jani la isale limefungwa fundo. Wasio Wachaga niwaeleze: mtu akikuletea isale anaomba msamaha, na hukatai, hata kama kifuani bado kunawaka. Hakusema ni la nani, lake au la mwanawe. Sikuuliza. Nilimpa chai, akawashika vitoto masikio, akasema dume lina miguu mizuri. Tulijua wote wawili alichokuwa anaomba, na sikujibu.

Nililitundika lile isale kwenye mlango wa banda nikamsindikiza hadi barabarani. Niliporudi Pole alikuwa amenyoosha shingo, anatafuna taratibu, na juu ya mlango imebaki kamba.